Asili, Marudio na Kauli ya "Umejaribu": Tahakiki ya Waimbaji wa Naro Moru

Wahakiki wa fasihi simulizi ya Afrika Mashariki wamezoea kumtazama fanani na kazi yake, na kwa kiasi fulani hadhira yake. Lakini ni nadra sana hadhira hiyo kutazamwa kama mhakiki. Hutajwa kuwa hupiga makofi, huitikia, hucheka au huondoka. Yale inayoyasema baada ya wimbo kwisha, kwa istilahi zake na kwa vipimo vyake yenyewe, huachwa yapotee. Upungufu huu unadhihirika zaidi katika utanzu ambao idara za fasihi hazijaupa hata jina la kukubalika: wimbo wa mtu mwingine unaoimbwa upya na mwimbaji asiyelipwa, ukanaswa kwa simu, kisha ukapelekwa kwa wenzake ili waseme walivyousikia. Wanamuziki wa dansi wa Tanzania wana neno lao, "kupiga kopi", na neno hilo lina chembe ya dharau ndani yake. Katika makala haya kazi ya namna hiyo itaitwa marudio, na maneno yanayosemwa juu yake yataitwa tahakiki, kwa sababu ndivyo yalivyo.

Mahali panapochunguzwa ni Naro Moru, mji mdogo wa eneo la Kieni katika Kaunti ya Nyeri, kando ya barabara iendayo Nanyuki. Jina lake ni la Kimaasai, wakazi wake wengi ni Wagikuyu, na wageni wake ni wapanda mlima waendao kileleni Lenana, mita 4,985 juu ya usawa wa bahari. Mwimbaji wa hapo hateuliwi kwa kuwa anaimba vizuri kuliko wa Karatina au wa Meru. Anateuliwa kwa sababu wimbo wake mmoja waweza kupimwa kwa mizani zisizopatana: ya shule, ya kanisa, ya ukumbi wa pombe na ya mgeni asiyejua lugha. Swali linaloulizwa ni hili: mwenzake anapomwambia kwamba "hakufuata", anamtaka afuate nini?

Marudio kabla ya simu

Marudio huzungumzwa mara nyingi kana kwamba yaliletwa na simu za mkononi. Historia ya eneo lenyewe inakanusha dai hilo. Wamisionari Wakatoliki wa Consolata walifika Ugikuyuni mwaka 1902, na wale wa Kanisa la Scotland wakafungua kituo cha Tumutumu, karibu na Karatina, miaka michache baadaye. Wote walifundisha nyimbo ambazo tuni zake zilikuwa zimefungamana na maneno ya lugha nyingine. Kigikuyu ni lugha ya toni: kupanda na kushuka kwa sauti katika silabi ni sehemu ya neno, si pambo lake. Tuni ya Ulaya haina habari na jambo hilo. Hupanda pale neno linapotaka kushuka, na hutua pale neno linapotaka kupanda. Kwa hiyo, mzee wa kanisa anayesikiliza rekodi ya kijana na kusema kwamba sauti ni tamu lakini maneno hayasikiki, halalamikii ubovu wa simu. Anatoa hoja ya kiisimu, na hoja hiyo ina umri wa zaidi ya miaka mia moja.

Kinyume chake pia kilitokea. Wakati wa vita vya Mau Mau tuni hizohizo za kanisani zilipewa maneno mapya ya kudai ardhi na uhuru. L.S.B. Leakey alieleza mwaka 1954 jinsi nyimbo hizo zilivyoweza kuimbwa mbele ya Mzungu ambaye, kwa kuitambua tuni na kutoyajua maneno, alidhani anasikia ibada. Maina wa Kinyatti alikusanya na kuchapisha nyimbo za vita hivyo mwaka 1980. Hapa marudio yalitegemea kuwapo kwa hadhira mbili mahali pamoja, moja ikisikia nakala na nyingine ikisikia utungo mpya. Kabla ya hapo kulikuwa na Mũthĩrĩgũ, wimbo wa ngoma uliosambaa Ugikuyuni mwishoni mwa 1929 wakati wa mgogoro wa tohara ya wasichana, ukapigwa marufuku na serikali ya kikoloni mwaka 1930. Kila mahali ulikofika uliongezewa beti. Aliyeurudia bila ya kuongeza kitu hakuwa ameuimba sawasawa.

Kuhusu namna tahakiki ilivyotolewa zamani, mfano wa manufaa zaidi ni gĩcandĩ, ushairi wa mafumbo ulioandamana na kibuyu chenye michoro. Kimani Njogu, katika kitabu chake cha mwaka 2004 kuhusu ushairi kama majibizano, ameuweka utanzu huo bega kwa bega na kujibizana kwa washairi wa Kiswahili. Ulinganisho huo ni sahihi. Wanagĩcandĩ wawili walikabiliana mbele ya watu, na aliyeshindwa alipoteza kibuyu chake. Muyaka bin Haji wa Mombasa naye aliwajibu wapinzani wake kwa mashairi. Katika mila zote mbili mkosoaji alilazimika kuwa mtunzi: hukuruhusiwa kumwambia mwenzako kwamba amekosea mpaka uonyeshe, kwa kinywa chako na mbele ya watu walewale, jinsi ya kupatia. Tahakiki ya leo juu ya marudio imeuacha mkataba huo. Anayesema kwamba wimbo umepinda halazimiki kuunyosha.

Mwamuzi na gari la moshi

Mkataba mpya ulitoka shuleni. Tamasha la Muziki la Kenya lilianzishwa mwaka 1927, na fainali zake za kitaifa zimewahi kufanyika Nyeri, katika Chuo Kikuu cha Teknolojia cha Dedan Kimathi. Utaratibu wake unajulikana na kila aliyepitia shule ya Kenya. Wimbo uleule mmoja huimbwa na kwaya nyingi mfululizo. Mwamuzi huketi mezani akaandika. Mwisho hupanda jukwaani na kueleza nani alitamka vizuri, nani alipoteza ufunguo, nani alikimbiza mwendo, kisha alama hutangazwa. Ni vigumu kufikiria shule nyingine ya uhakiki iliyowafikia Wakenya wengi kiasi hicho. Wapo watu wazima katika miji ya Mlima Kenya ambao hawajasoma hata makala moja ya uhakiki wa fasihi, lakini wanaweza kueleza kwa nini soprano iliishinda alto. Msamiati wao ni wa karatasi ya mwamuzi: matamshi, usafi wa noti, ulinganifu wa sauti, pumzi. Na mzizi wa msamiati huo ni imani kwamba wimbo umekwisha kukamilika mahali fulani, katika noti zilizoandikwa, na kwamba kazi ya mwimbaji ni kuufikia bila ya kuuharibu.

Mizani ya ukumbi wa pombe ni nyingine kabisa. Mugithi kwa Kigikuyu ni gari la moshi. Wachezaji hushikana mabega wakafuatana kama mabehewa, huku mwimbaji mmoja mwenye gitaa akiwaongoza kwa mfululizo wa nyimbo usiokatika. (Reli ya kwenda Nanyuki inapita Naro Moru penyewe. Ilikaa bila abiria kwa miaka mingi hadi safari ziliporejeshwa mwaka 2020, hivi kwamba yaweza kusemwa, kwa mzaha, kuwa kwa kizazi kizima treni ya ukumbini ndiyo iliyokuwa na uhakika zaidi.) Maina wa Mũtonya, aliyeichunguza mitindo hii katika kitabu chake cha mwaka 2013 kuhusu muziki wa Wagikuyu wa miaka ya 1990, ameonyesha uzito wa kisiasa uliofichwa ndani ya starehe hiyo. Waimbaji kama Mike Rua na Salim Junior walijipatia jina kwa kurudia: nyimbo za Joseph Kamaru na za Daniel Kamau, nyimbo za jandoni, nyimbo za kanisani, hata zile za Jim Reeves na Kenny Rogers ambazo masikio ya Wagikuyu yamezipenda kwa muda mrefu. Vyote hivyo hupita katika uzi mmoja wa gitaa kwa usiku mmoja.

Katika ukumbi huo mwimbaji anayefuata asili neno kwa neno huonekana mvivu. Anatakiwa aingize jina la mnunuzi wa meza ya mbele, ataje mtaa, ageuze ubeti wa kanisani uwe wa mzaha, na arefushe pale treni inapokataa kusimama. Tahakiki huja palepale: noti ya fedha, mlio wa kukubali, au migongo inayogeuka kuelekea kaunta. Kamaru mwenyewe aliachana na nyimbo za kidunia mwaka 1993 akaingia katika zile za injili, na kwa muda huo tungo zake za awali zilipata pumzi jukwaani kwa vinywa vya watu wengine. Kamaru alifariki Oktoba 2018. Rekodi zake zinapatikana, na mkusanyiko wa kazi zake za 1966 hadi 2007 ulitolewa mwaka 2021. Hata hivyo kijana anayejifunza gitaa Kieni yuko karibu zaidi na marudio ya ukumbini kuliko na sahani ya santuri. Ndiyo maana mara nyingi anayeambiwa kwamba "hakuimba kama Kamaru" ameimba, kwa uaminifu mkubwa, kama yule aliyemrudia Kamaru.

Rekodi ya simu imekaa kati ya mwamuzi na treni, na haina makao kwa yeyote kati yao. Imeimbwa chumbani, pengine usiku baada ya kazi, bila ya migongo wala makofi. Inasikilizwa kwa kinyozi, kwenye stendi, au njiani kutoka shambani, na mtu mmoja mmoja. Albert Lord, katika kitabu chake cha mwaka 1960 kuhusu waimbaji wa tendi za Yugoslavia, alisimulia habari ya Demo Zogić, aliyeshikilia kwamba aliurudia wimbo wa mwenzake neno kwa neno, ilhali rekodi zilionyesha tofauti kubwa. Lord hakumwita mwongo. Alieleza kwamba kwa fanani huyo "neno" halikuwa kile kinachotenganishwa kwa nafasi kwenye karatasi. Jambo linalostahili kuzingatiwa ni kwamba Milman Parry na Lord walihitaji mitambo maalumu ya kunasia sauti ili kugundua tofauti hiyo, na waliigundua kama wageni. Leo mitambo hiyo iko mfukoni mwa kila msikilizaji wa Naro Moru. Huweka asili, huweka marudio, hulinganisha, kisha hutoa hukumu. Amepewa chombo cha Parry bila ya kupewa uvumilivu wa Lord, naye anapoikuta tofauti huiita kosa.

Malaika na mũraika

Mfano ulio wazi kuliko yote ni "Malaika". Hakuna wimbo wa Kiswahili uliorudiwa zaidi yake nje ya Afrika Mashariki, na hakuna ambao asili yake imegombewa kwa uchungu zaidi. Fadhili William aliurekodi Nairobi mwanzoni mwa miaka ya 1960 na akajulikana kuwa mwenyewe hadi kufa kwake mwaka 2001. Adam Salim naye alidai kwamba utungo huo ulikuwa wake tangu miaka ya 1940. Miriam Makeba aliuimba pamoja na Harry Belafonte katika sahani ya mwaka 1965, na kundi la Boney M. likauchukua mwaka 1981. Katika marudio kadhaa yaliyosambaa ulimwenguni kitenzi kimoja cha kukiri huimbwa kwa ukanushi, hivi kwamba mpenzi anayewazwa huambiwa kuwa yeye ndiye asiyewaza. Ni kosa la sarufi linalogeuza maana ya ubeti. Halijamzuia mtu yeyote kuyapenda marudio hayo.

Sasa na achukuliwe mwimbaji wa Naro Moru anayeuimba wimbo huohuo. Kigikuyu hakina fonimu mbili za /l/ na /r/. Kina moja, na hiyo iko karibu na /r/. Mwimbaji huyo akisema "maraika" na "mari", wasikilizaji wake, ambao wengi wao hutamka hivyohivyo sokoni, humcheka. Husemwa kwamba ameshrabu. Kitenzi hicho cha mitaani, ambacho kila Mkenya anakielewa, kina uwezo wa kufunga mjadala: akishaambiwa hivyo, hakuna atakayeuliza tena kama sauti yake ilibeba majonzi ya mtu anayetaka kuoa na hana mali. Matokeo yake ni mabaya kuliko kosa lenyewe. Kwa hofu ya kuchekwa, mwimbaji husahihisha kupita kiasi, akaigeuza hata /r/ iliyo halali kuwa /l/. "Roho" huwa "loho", ambalo si neno la lugha yoyote inayohusika hapa. Katika nyimbo nyingine za mapenzi "mahari" yaweza kuwa "mahali", na mchumba akabaki anadaiwa kiwanja badala ya ng'ombe.

Historia ya neno lenyewe yafaa kuwekwa mbele ya wacheshi hao. Kiarabu kina "malak" katika umoja na "malāʾika" katika wingi. Kiswahili kilichukua umbo la wingi kikalifanya umoja, na hakuna Mswahili anayeona haya kwa hilo. Kigikuyu nacho kililipokea neno hilo, kikalivisha kiambishi cha ngeli ya watu na fonimu yake kimoja, likawa "mũraika", wingi "araika", na ndivyo linavyosomwa katika Biblia ya Kigikuyu na kuimbwa makanisani. Kwa hiyo mwimbaji anayesema "maraika" hakulivunja neno. Amelileta nyumbani kwa njia ileile iliyotumiwa na watafsiri wa Biblia. Hii haina maana kwamba matamshi hayajalishi. Kiswahili kinatofautisha "kula" na "kura", na mwimbaji anayeamua kuimba Kiswahili ameingia mkataba na wasikilizaji wa Kiswahili. Lakini kuna umbali mkubwa kati ya mkosoaji anayesema kwamba neno fulani limepoteza maana kwa sababu ya sauti fulani, na yule anayecheka ili aonekane kuwa yeye si wa huko. Wa kwanza anahakiki wimbo. Wa pili anahakiki nasaba.

Upande wa pili wa mji kuna hadhira isiyocheka kamwe. "Jambo Bwana", wimbo uliotolewa na Them Mushrooms mwaka 1982, umekuwa wimbo wa kuwalaki watalii katika hoteli za Kenya nzima. Mgeni hawezi kujua kama /l/ imekaa mahali pake. Hutabasamu, hupiga picha, hutoa bakshishi. Kwa mwimbaji aliyechekwa stendini jana hiyo ni faraja, na si haki kumdharau kwa kuipokea. Ila ni tahakiki isiyo na kitu ndani yake, kwa kuwa isingebadilika hata kama angeimba majina ya vituo vya reli.

Kauli ya "umejaribu"

Kati ya kicheko na bakshishi kuna kauli moja ambayo ndiyo msingi wa tahakiki ya eneo hili: "umejaribu". Kigikuyu kina sambamba yake, "nĩwageria". Asiyejua Kiswahili cha Kenya atadhani ni kauli ya kukatisha tamaa: mtu amejaribu, hakuweza. Katika matumizi yake halisi kauli hiyo ina ngazi nyingi. Ikisemwa na mzee kwa kijana, kwa sauti nzito na bila ya neno lingine, ni sifa, pengine sifa kubwa kuliko zote ambazo mzee huyo yuko tayari kuzitoa. Ikisemwa na rika kwa rika mwenzake, ikafuatwa na "lakini", ni mlango wa kuingilia kwenye makosa. Ikisemwa na mdogo kwa mkubwa, haisemwi. Mdogo atasema "mzee, hiyo imeweza", kisha akanyamaza, na ukimya wake ndio utakaochunguzwa. Ikisemwa mara mbili mfululizo kwa sauti ya juu, ni dhihaka.

Nadharia za uhakiki zinazofundishwa vyuoni zinachukulia kwamba hukumu yaweza kutenganishwa na uhusiano wa anayehukumu na anayehukumiwa. Hapa haiwezekani. Mwimbaji hajui thamani ya "umejaribu" mpaka ajue imetoka kinywani mwa nani, wa rika gani, na mbele ya akina nani. Kwa mtazamo huo rekodi inayopitishwa kwa mikono imeleta tatizo ambalo jukwaa halikuwa nalo. Maoni humfikia mwimbaji kupitia kwa mtu wa tatu, yakiwa yamevuliwa sauti na uso. "Fulani amesema umejaribu." Amesemaje? Alikuwa akitabasamu? Mwimbaji hubaki na kauli ambayo bila ya toni haina maana, sawa kabisa na neno la Kigikuyu lililobandikwa juu ya tuni ya Kiskoti.

Iko pia kauli ya "weka sauti yako". Hii husikika zaidi kwa vijana, na inaelekea kupingana na ile ya "hukufuata". Mtu mmoja hutoa zote mbili katika kikao kimoja bila ya kuona ukinzani, na pengine haupo. Anachoomba ni kwamba tuni na maneno yabaki pale alipoyaacha katika kumbukumbu yake, ila koo liwe jipya. Ombi hilo ni la haki kwa msikilizaji. Kwa mwimbaji ni gumu, kwa kuwa sehemu ya kile kinachokumbukwa katika Kamaru ni koo lenyewe.

Kile kisichosemwa

Udhaifu mkubwa wa tahakiki hii hauko katika ukali wake. Uko katika mambo inayoyanyamazia. Mfano mmoja unatosha. "Ndari ya Mwarimu", aliouimba Kamaru mwishoni mwa miaka ya 1960, ulimsuta mwalimu anayemtongoza mwanafunzi wake. Uliwakasirisha walimu wa wakati huo, na si ajabu, kwa sababu ulikuwa umelenga. Leo unarudiwa kama kumbukumbu tamu ya zamani. Treni hujipanga, watu hucheza. Marudio yake yakisikilizwa katika simu, tahakiki itagusa mwendo wa gitaa, besi isiyosikika, na pumzi iliyokatika kabla ya ubeti kwisha. Yote hayo yaweza kuwa sahihi. Swali la kwa nini wimbo huo uimbwe tena, na nani anaimbiwa katika mji wenye shule na walimu, haliulizwi kamwe. Shabaha ya wimbo imesahauliwa kwa sababu wimbo umependwa mno.

Hapa ndipo tofauti na waimbaji wa Mau Mau inapouma. Wao waliitunza tuni na kuyabadili maneno ili wimbo ufanye kazi mpya. Mrudiaji wa leo huyatunza maneno na tuni pamoja, na kinachobadilika ni kazi: suto likawa burudani. Uaminifu wake kwa asili ndio unaoiua asili. Hata hivyo lawama haimwangukii yeye peke yake. Wenzake wamemfundisha kwamba atapimwa kwa noti, kwa /l/ na /r/, na kwa ukaribu wake na sahani ya zamani. Angeongeza ubeti mmoja kuhusu mambo ya leo, kama walivyofanya waimbaji wa Mũthĩrĩgũ, jibu la kwanza lingekuwa kwamba ubeti huo "haumo".

Yapo mambo mawili ya kuitetea tahakiki hii mbele ya wasomi watakaoiona kuwa ndogo. La kwanza ni kwamba inafanya kazi. Mwimbaji aliyeambiwa kwamba anaingia nusu pigo baada ya gitaa hurekodi upya, na mara nyingi huingia panapofaa. Ni wahakiki wachache wa vyuo vikuu wanaoweza kudai kwamba kuna mtunzi aliyerekebisha kitu kwa ajili yao. La pili ni kwamba hutolewa na watu ambao kesho watasikilizwa wao. Kinyozi anayekosoa asubuhi ana rekodi yake mwenyewe jioni. Kibuyu hakipokonywi tena, lakini zamu haijafutwa, na woga wa zamu hiyo ndio unaoizuia kauli ya "umejaribu" isigeuke kuwa matusi kila mara.

Kwa mkusanyaji wa fasihi simulizi kuna kazi ya haraka. Mwimbaji akisharekodi mara ya pili huifuta rekodi ya kwanza, kwa kuwa simu imejaa au kwa kuwa ana haya. Pamoja nayo hupotea ushahidi wa kila alichoambiwa: pumzi aliyoisogeza, silabi aliyoinyosha, /r/ aliyoigeuza kisha akairudisha. Matini ya mwisho huonekana kana kwamba iliimbwa hivyo tangu mwanzo. Idara zinazowatuma wanafunzi wao Kieni na Mathira kukusanya nyimbo zingewaagiza waombe rekodi ya kwanza kabla haijafutwa, na waandike kando yake nani aliisikia, wa rika gani, na alisema nini kwa sauti gani.